Kilichoota Kaburini kwa Ojiambo

Kaburi la Ojiambo halikuwa na Ojiambo ndani yake, na pale kijijini Mundika hapakuwa na mtu asiyelijua hilo. Ndani yake mlikuwa na mgomba.

Ojiambo alikuwa mwendesha bodaboda mjini Busia. Mvua ya Aprili ilipozidi, shangazi yake alimpigia simu kutoka Rukala kwamba Mto Nzoia umeanza kuramba tuta la kuzuia mafuriko, na mbuzi wamesimama ndani ya maji. Ojiambo akavaa koti lake la mvua, lile la plastiki nzito ambalo akitembea nalo utadhani ng'ombe wanapita kwenye mahindi makavu. Akamwambia mkewe, Alupo, "Mbuzi wa shangazi hawajui kuogelea, lakini kunisumbua wanajua." Akacheka mwenyewe, akawasha pikipiki. Tuta likapasuka akiwa upande usiofaa. Shangazi aliokoka. Mbuzi wengine waliokoka. Wavuvi walitafuta kwa mitumbwi mpaka kwenye matete ya ziwani, na mto haukutoa hata kiatu.

Kwa watu wa huko, mtu asiyezikwa hana pa kulala. Atazunguka, atagusa milango, atasimama nyuma ya wanaokula. Kwa hiyo mwili ukikosekana kabisa, hukatwa mgomba, ukavikwa sanda, ukaliliwa kama mtu, ukazikwa kwa jina la mtu. Siku Mzee Bwire, msemaji wa ukoo, aliposema, "Haya, leteni mgomba," wanawake walipiga yowe, maana mpaka saa ile walikuwa bado wanamngoja mwenyewe.

Kazi hiyo ilimwangukia Oduori, mdogo wake marehemu. Oduori ni mtu wa Malaba. Anaishi kati ya malori yanayongoja kuvuka Uganda, anafunga maturubai, anawatafutia madereva chakula, na shamba huliona akija msibani tu. Alizunguka nyuma ya nyumba na sururu. Aliporudi, mgomba ulikuwa begani tayari umezungushiwa blanketi, naye anahema kama fahali. Watu wakasema, tazameni mapenzi ya ndugu, ameubeba peke yake. Hakuna aliyefunua kuangalia.

Ukalazwa sebuleni juu ya mkeka, ukafunikwa sanda. Alupo akaketi kando yake kama mke anavyotakiwa kuketi, na Mama Truphena, mama mkwe wake, akaketi upande wa pili. Mgomba ulikuwa ukitoa maji. Yalidondoka polepole chini ya blanketi, yakachora mfereji mdogo kwenye sakafu ya udongo, yakamfikia Alupo kwenye leso. "Bado analia huyu," mwanamke mmoja akanong'ona, na wote waliokuwa karibu wakavuta miguu yao. Utomvu ule haukutoka kwenye leso hata ilipofuliwa kwa magadi.

Mama Truphena hakulia. Aliutazama mgomba kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba.

Siku ya kuzika mvua ilikuwa haijanyamaza. Shimo lilijaa maji kabla halijafika kiuno, vijana wakawa wanachota badala ya kuchimba. Mzee Bwire akasema mgomba hauhitaji kina cha mtu, shusheni, funikeni, tusije tukaugua. Wakafunika. Oduori akapanda gari jioni ile kurudi Malaba.

*

Alupo hakuwa mtu wa maneno. Alizaliwa upande wa Malaba, kwa Wateso, na shule aliiacha darasa la sita mama yake alipougua. Kanisani hakuwahi kusimama kutoa ushuhuda. Kila aliposukumwa na wenzake, ulimi ulimkauka, akakaa. Lakini alikuwa na njia yake. Akikutana na kitu shambani, alikiuliza kimoyomoyo: Na wewe, umetumwa uniambie nini? Kisha akangoja. Mahindi yakilazwa na upepo, siku chache baadaye hujikunja kwenye vifundo na kuinuka tena, kila bua pale pale lilipoangukia. Alijifunza hapo kuhusu toba zaidi kuliko alivyojifunza kwenye mikutano yote ya injili. Kulikuwa na ndege mfumaji aliyejenga kiota chake barabara, jike akaja, akakikagua, akakikataa, na dume akakibomoa na kuanza upya bila kinyongo. Hapo Alupo alicheka peke yake mpaka akaacha jembe.

Ojiambo alilijua jambo hilo, na ndiye mtu pekee aliyelijua. "Leo umehubiriwa na nani?" alikuwa akimwuliza wakila. "Konokono?"

"Siafu."

"Haya, siafu wamesema nini? Usiniambie wameomba sadaka."

Tangu siku ya mgomba, vitu vilinyamaza. Siafu wakawa siafu tu, na mahindi yakawa mahindi. Alupo aliuliza na kungoja, kukawa kimya kama nyumba iliyohamwa. Alijaribu kusali, akaona anasema na dari.

Mvua ilipoanza kupungua, asubuhi moja alisikia kicheko uani. Ilikuwa muda mrefu hakuna aliyecheka katika boma lile. Alitoka akamkuta Mama Truphena amepiga magoti kando ya kaburi, viganja viwili vimezunguka kitu kama anayelinda mshumaa. Katikati ya udongo, pale ambapo kifua cha mtu kingekuwa, kulikuwa kumetoka ncha ya kijani iliyojisokota kama karatasi ya barua.

"Njoo uone," Mama Truphena alisema. "Nilijua. Niliwaambia hajafa, mkaniletea mti. Sasa ona."

Alupo alihisi nywele zinamsimama. Miguu ndiyo iliyomrudisha nyuma.

*

Habari za namna hiyo hazihitaji simu. Watu waliokuwa wakikatiza njia karibu na boma walianza kuzunguka kwa mbali. Roselyn, jirani aliyekuwa akiuza omena sokoni Busia, alikuja hadi kwenye ua, akasimama upande wa nje, kapu kichwani.

"Alupo! Ni kweli wanayosema?"

"Wanasema nini?"

"Kwamba bwanako ameota."

Alupo akainama kung'oa magugu ambayo hayakuwapo.

"Mimi sitii mguu humo," Roselyn akasema. "Nakupenda, lakini na miguu yangu naipenda. Mwambie Mama Truphena nimemsalimu. Mwambie nimesalimu kutoka barabarani."

Mche ule ukakua kwa kasi isiyo ya kawaida, au ndivyo ilivyoonekana kwa watu wanaoutazama kila siku. Jani likafunguka, likafuata lingine pana zaidi, jingine pana kuliko hilo. Mama Truphena aliyapangusa kwa kitambaa. Alihamisha kiti chake kutoka jikoni mpaka kando ya kaburi. Sahani yake ya ugali aliipeleka huko, akamega, akaweka tonge kwenye udongo, akasema maneno ya chinichini. Mwanzoni alikuwa akila naye. Baadaye akawa anaacha yote. "Mimi nimeshiba," alisema akirudi, na sahani haina kitu. Kuku ndio waliokuwa wakinenepa.

Kanisa aliliacha. Leso aliifunga mara mbili kiunoni, kisha mara tatu, jinsi mwili ulivyokuwa ukipungua. Mishipa ya shingo ikatokeza. Alupo alimpikia uji, akamwekea maziwa, akamsihi kwa macho kwa sababu maneno hayakuja. Mama mkwe akaupeleka uji kaburini.

Na lililomtisha Alupo zaidi ni hili, ambalo hakumwambia mtu. Jua likiinama na upepo wa ziwani ukipanda, majani yale yaligusana. Sauti yake haikuwa ya majani. Ilikuwa ya plastiki nzito, ya mtu anayekuja haraka akitembea kutoka barabarani, koti likisuguana mapajani. Ilikuwa ikikaribia mpaka mlangoni. Alupo alikuwa jikoni, mwiko mkononi, na kila mara mwili ulikuwa unageuka kabla yeye hajaamua. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kisha ilianza tena, kutoka barabarani.

Hakujua kama alikuwa anaogopa ije au anaogopa ikome.

*

Mchungaji Eriaku alikuja na biskuti. Alikuwa mtu mwema, mwenye miguu mirefu asiyojua pa kuiweka. Aliketi, akautazama mgomba, akautazama tena.

"Mama, tunakukosa ibadani."

"Mtoto wangu hawezi kutembea, Mchungaji. Nikija kwenu nitamwacha na nani?"

"Mama Truphena, huo ni mti."

"Na ule mliouzika mkaniambia nimwage udongo juu yake, ulikuwa nini? Mliniambia ni Ojiambo. Wewe mwenyewe ulisali. Siku ile ulikuwa Ojiambo, leo umekuwa mti?"

Mchungaji akakunja miguu, akaikunjua. Alipokuwa anaondoka alimwambia Alupo langoni, sauti chini, "Dada, ukatwe. Wivu wa Mungu si mchezo. Nami nitaomba." Akaenda zake akikwepa kivuli cha majani.

Ukoo nao ukakaa kikao. Oduori akaitwa kutoka Malaba, akaja na miwani ya jua kichwani. Uamuzi wa Mzee Bwire ukawa kwamba Jumamosi wanaume watakuja na mapanga na mafuta ya taa, mgomba utang'olewa na kuchomwa, na kaburi lifunikwe kwa mawe. Marehemu amekataa kulala, alisema, basi atalazwa.

Mama Truphena aliwasikiliza wote kwa adabu. Kisha akasimama, akajishika kwenye kiti maana alikuwa na kizunguzungu.

"Mwaujua mgomba, nyinyi?" aliuliza. "Mgomba ukizaa, mama hufa, mtoto hubaki. Hata mti umepewa hiyo adabu. Mimi Mungu amenibakiza nafanya nini? Njooni Jumamosi. Lakini shimo mkishalifungua msilifunge haraka, maana mtanizika humohumo."

Oduori akaishusha miwani machoni. Jioni hiyo Mama Truphena alianguka alipokuwa akienda kisimani, na Alupo alipombeba alishangaa: alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni kavu. Alijua basi kwamba yale hayakuwa maneno ya hasira. Mgomba ukichomwa, mama atakufa. Mgomba ukiachwa, mama atakufa pia, polepole, sahani baada ya sahani.

*

Ijumaa asubuhi Alupo alikwenda nyuma ya nyumba kukata majani makavu ya kuwashia moto. Alikuwa hajafika kona ile tangu msiba. Kati ya migomba alikuta shimo, pana kama beseni la kufulia, majani yameanza kuliziba.

Alisimama. Huko ambako migomba mingine ilikatwa, kulibaki vigogo, na vigogo vilikuwa vimelala na kuoza kama kawaida. Hapa hapakuwa na kigogo. Hapa palichimbuliwa.

Akampigia Oduori, aliyekuwa amelala kwa rafiki yake mjini.

"Shemeji, ule mgomba. Uliukata au uliung'oa?"

"Nini? Saa hizi?"

"Uliung'oa na shina lake la chini ya udongo?"

Oduori akakohoa: "Si mlisema leteni mgomba? Hamkusema leteni nusu! Mimi ningejuaje? Nikachimba nikatoa yote, na mgongo wangu unaniuma mpaka wa leo." Akashusha sauti. "Kwani kuna shida?"

"Shina ndilo huchipua, shemeji."

"Ala." Akavuta pumzi. "Ala! Alupo, usimwambie Mzee Bwire. Ataniimba kwenye kila matanga mpaka nizeeke."

Alupo akakata simu. Ungedhani angefurahi. Jambo lilikuwa limepata maelezo yake, mepesi kabisa, ambayo mtoto yeyote wa kijijini angeyaelewa. Badala yake akaketi kwenye ukingo wa shimo. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa akija kutoka barabarani. Ilikuwa majani. Ndipo alipojua kwamba jioni zote zile, alipokuwa akigeuka na mwiko mkononi, alikuwa akigeuka kumpokea. Mama mkwe alikuwa akimlisha tonge. Yeye alikuwa akimlisha masikio.

Alilia hapo mpaka kamasi zikamwingia mdomoni. Kisha akajifuta kwa leso yake yenye doa, akaenda uani.

Mama Truphena alikuwa kitini.

"Mama."

"Mwanangu."

"Mama, ni shina." Akaonyesha nyuma ya nyumba. "Oduori aliung'oa mgomba mzima. Ndiyo maana umeota. Si kitu kingine. Ni shina."

Mama mkwe alimtazama kwa huruma, kama mwenye shibe anavyomtazama mwenye njaa. "Kwani Mungu akitaka kumrudisha mtu, atashindwa kutumia shina?"

Mtu mwenye maneno angeyatafuta. Alupo aligeuka, akaingia ghalani, akatoka na jembe.

"Unafanya nini?"

"Kama ni yeye," Alupo alisema, "tumtazame uso."

Mwanamke hachimbui kaburi. Mjane ndiyo kabisa. Kwa watu wale ni sawa na kuvua nguo sokoni. Alupo aliinua jembe, akalishusha. Udongo ulikuwa laini. Mama Truphena alipiga kelele, akamshika mkono, akamng'ata begani, na Alupo akaendelea huku akilia na kusema samahani, Mama, samahani, Mama. Halafu jembe likanasa kwenye kitambaa. Mama mkwe akaacha kung'ata. Akashuka ndani ya shimo kwa magoti na kuanza kuchimba kwa mikono yake mwenyewe.

Blanketi lilichanika kama mkate uliolowa. Harufu ikapanda, tamu na mbovu, harufu ya chini ya pipa la taka. Mgomba ule mkubwa uliobebwa begani haukuwapo tena. Palikuwa na maji meusi, na nyuzi, na minyoo iliyokuwa ikifanya kazi yake bila haraka. Mama Truphena alitumbukiza mikono mpaka kwenye viwiko. Alipapasa kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama anavyopapaswa mtoto kitandani gizani. Alitoa ngumi zake juu, akazifungua. Matope yakatiririka.

Upande mmoja tu kulikuwa na kitu kigumu. Kwenye ubavu wa shina lililobaki nusu, ule mche ulikuwa umejishika, na chini yake mizizi yake yenyewe, myeupe, mipya, imeingia ndani ya ule uozo na kuupita, ikaenda kwenye udongo.

Na wewe, Alupo aliuliza, bila kukusudia, kwa mazoea tu. Umetumwa uniambie nini?

Hakusikia sauti. Lakini aliona. Kilichozikwa hakikuamka. Kilioza mpaka mwisho, na Mungu hakuuzuia mkono wa kuoza. Hiki kilichokuja juu kilikuja na mwili mwingine, kutoka ubavuni ambako hakuna aliyekuwa akitazama. Katika kila mazishi aliyohudhuria, maneno ya mbegu ifayo ardhini yalisomwa, na kila mara alikuwa akisikia habari ya kuota. Ile sehemu ya kufa hakuwahi kuisikia. Ilikuwa imepita masikioni mwake kama salamu.

"Mama," alisema. "Hayuko hapa."

Mama Truphena alikaa ndani ya matope.

"Hayo maneno waliambiwa wanawake wengine, kaburini kwa Yesu," alisema mwishowe. "Wao walikuwa na bahati."

"Wao pia waliogopa kwanza."

Mdomo wa mama mkwe ukaanza kutetemeka. Kisha yowe likatoka, lile ambalo halikutoka sebuleni wala siku ya kuzika, refu, kavu, hata kuku walikimbia. Alupo akashuka shimoni, akamkumbatia, na wakalia wote wawili juu ya nyuzi za mgomba, na hakuna aliyekuwa akiulilia mti.

*

Ni yowe hilo lililomleta Roselyn, na ni Roselyn aliyeleta kijiji. "Wanafukua kaburi! Njooni, wanawake wanafukua kaburi!" Mzee Bwire alikuja na fimbo, shati halijafungwa vifungo, Oduori nyuma yake na Mchungaji Eriaku kwa baiskeli. Wakasimama kwenye ukingo. Wanawake wawili walikuwa wamekaa chini, weusi kwa matope mpaka kwenye nyusi.

Mzee Bwire alianza kukemea, kisha macho yake yakaangukia chini. Aliinama. Alikuwa amelima migomba tangu ujana wake.

"Hili ni shina," alisema polepole. "Nani alileta mgomba na shina lake?"

Oduori akawa anakagua simu yake kwa bidii.

"Oduori."

"Mzee, mtandao hapa ni mbaya sana."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Mzee Bwire akafumba macho kama mwenye maumivu ya jino. Akasema basi, lililokosewa litasafishwa. Leteni mafuta, mche uchomwe, shimo lifunikwe leo hii.

"Usichomwe," Alupo akasema.

Walimtazama. Wengi walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake isipokuwa kwenye salamu. Akaona mdomo wa mama mkwe bado unatetemeka, akaendelea.

"Ni mgomba tu. Tuuchukue tuupande kule nyuma na mingine. Tukiuchoma, tumekubali kwamba ulikuwa mtu. Na Mama atasema tumemchoma." Akavuta pumzi. "Yuko mtoni. Mungu anajua ni wapi. Sisi hatujui."

Mzee Bwire akamgeukia Roselyn. "Huyu ndiye mliyeniambia hasemi?"

Walifunika shimo, safari hii bila kitu ndani. Mche wakaupeleka nyuma. Mchungaji Eriaku ndiye aliyechimba shimo lake, suruali imekunjwa, bila kusema lolote kuhusu wivu wa Mungu. Mama Truphena hakwenda kuangalia. Aliogeshwa na Alupo kwa maji ya moto, akalazwa, na jioni hiyo hakula. Na asubuhi yake hakula.

"Nataka kwenda Rukala," alisema. "Nataka kuuona huo mto."

Oduori, aliyekuwa na deni la aibu, aliazima gari la rafiki yake. Pale Rukala tuta lilikuwa limeshonwa kwa magunia ya mchanga. Juu ya magunia, wanawake walikuwa wameanika nguo. Nzoia ilikuwa imerudi katika mkondo wake, nyekundu, pana, inakwenda zake ziwani bila kumtazama mtu. Kwenye ukuta wa kibanda kulikuwa na mstari wa matope juu kuliko kichwa cha Oduori.

Alupo aliuuliza mto swali lake. Alingoja. Mto haukumwambia neno, na safari hii hakukimbia ule ukimya. Alisimama ndani yake, kama mtu anavyosimama kwenye ibada ambayo bado haijaanza.

Mama Truphena alikuwa ameketi juu ya gunia, miguu inaning'inia.

"Alikuwa anaogopa maji," alisema. "Alipokuwa mdogo. Ukimwogesha anapanda mgongoni kwako kama nyani. Na bado alikuja."

"Alikuja," Alupo akasema.

Mwanamke mmoja akapita na sinia, akainama mbele yao. "Mama, nikupe samaki? Wametoka sasa hivi, bado moto."

Mama Truphena aliwatazama samaki wale kwa muda, mmoja mmoja, machoni. Alupo akakaza mkono kwenye gunia. Upepo ulikuwa ukitoka mtoni, na nguo zilizoanikwa ziliinuka na kushuka.

"Samaki hapana," Mama Truphena alisema. "Hicho hapo pembeni ni nini?"

"Muhogo, Mama. Wa kuchemsha."

"Nipe huo."

Akaupokea kwa mikono miwili. Akaupuliza. Akautazama mto tena, kisha akauma, akatafuna kwa shida kama mtu aliyesahau jinsi inavyofanywa, na Alupo akageuza uso upande wa maji ili Mama asimwonee haya.